Mkadi wa Mwanya wa Gorai

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Teine alikuwa na kazi ya kutazama mti. Alitoka nyumbani na kiazi kitamu cha moto, akikirusha kutoka mkono huu hadi ule, akamfuata baba yake hadi juu ya kilima kidogo nyuma ya kijiji cha Kondumbe. Kutoka pale mlima wote ulionekana, umesimama kama ukuta, na kwenye ukuta huo palikuwa na pengo moja tu, kama jino lililong'oka. Hilo ndilo waliloliita Mwanya wa Gorai. Kwenye ukingo wa mwanya ulisimama mkadi mmoja, majani yake marefu yamening'inia kama nywele zilizolowa, mizizi yake imetoka nje ya ardhi na kutawanyika kama miguu ya kaa.

"Unauona?" baba yake, Gigmai, aliuliza.

"Nauona."

"Wote au nusu?"

"Wote, mpaka mizizi."

Hapo Gigmai alishuka hadi kibanda cha mabati kando ya uwanja wa helikopta, akawasha redio ya upepo, akawaambia watu wa Goroka, mji ulio ng'ambo ya mlima, kwamba mkadi unaonekana mpaka mizizi. Maana yake mwanya uko wazi, rubani aje. Majani peke yake yakionekana, rubani asubiri. Mti usipoonekana kabisa, rubani akanywe chai yake. Barabara haijafika Kondumbe. Chumvi, mchele, dawa, mabati na vitabu vya shule, vyote hupita kwenye mlango ule mmoja, na mwenye ufunguo ni wingu.

"Redioni hatusemi tunachotaka," Gigmai alizoea kumwambia binti yake. "Tunasema tunachoona. Ukitaka kutaka, katake nyumbani."

Siku hizo Teine alikuwa anataka kitu kimoja, nacho kilikuwa kikubwa. Mama yake, Witne, alipelekwa Goroka kwa helikopta kwa sababu mtoto tumboni alikuwa amelala vibaya. Habari ilikuja redioni kwamba amejifungua salama, mtoto wa kiume, wote wazima. Kijiji kilipiga vigelegele. Halafu wingu likaja likakaa mwanyani kama mgeni asiyejua kuaga. Wiki nzima mkadi haukuonekana. Nyumbani viazi viliungua, kwa kuwa aliyepika sasa ni Bibi Mogia, mama yake Gigmai, na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Jioni Teine alilala akikumbatia bilumu ya mama yake, ule mfuko wa kamba za kusuka ambao wanawake wa huko huuning'iniza kichwani, na ulikuwa bado unanuka moshi na nywele za mama.

Asubuhi moja nguruwe wa mjomba wake Teine walivunja ua wa shamba la Gigmai. Gigmai alichukua fimbo akakimbia.

"Kaa na redio," alimwambia Teine. "Goroka wakiita, waambie wasubiri. Nikirudi tutapanda kutazama pamoja."

Lakini Teine hakusubiri. Alipanda kilimani na binamu yake Kombri, msichana wa rika lake mwenye maneno mengi. Juu kulikuwa na baridi. Mwanya ulikuwa umejaa weupe tangu chini hadi juu. Mara moja Teine alidhani ameona kitu cheusi ndani ya weupe ule, kisha hakukiona tena.

Waliposhuka hadi kibandani, redio iliita. Alikuwa Kapteni Vagi mwenyewe, rubani, mtu wa pwani ambaye watu wa Kondumbe walimtania kwamba damu yake huganda kila anapotua kwao.

"Kondumbe, Kondumbe. Nani yupo?"

"Mimi, Teine."

"Mkuu wa kituo yuko wapi?"

"Anafukuza nguruwe, Kapteni."

Rubani alicheka. "Kazi ya serikali hiyo. Haya, sikiliza. Mama yako yuko hapa, ananitazama kama mimi ndiye niliyeleta mawingu. Mkadi vipi leo?"

Nyuma ya sauti yake mtoto mchanga alilia. Kilio kidogo, chembamba, kama cha paka. Teine alikuwa hajawahi kumsikia mdogo wake.

"Unaonekana," alisema.

"Wote au nusu?"

"Wote. Mpaka mizizi."

"Asante, bibie. Tunakuja."

Kombri alimwangalia kwa mdomo wazi. "Mpaka mizizi? Mbona mimi nimeona maziwa matupu?"

"Wewe una makengeza."

"Makengeza yangu hayajawahi kudanganya mtu," Kombri alisema, akaenda zake.

Teine alijiambia kwamba wingu huinuka. Mara ngapi limeinuka jua likipanda? Rubani atakapofika mwanyani, litakuwa limekwisha. Alijiambia hivyo mpaka baba yake aliporudi, matope hadi magotini, na wakati huohuo mlio ukaanza kusikika upande wa mlima. Tuk-tuk-tuk-tuk.

Gigmai alisimama. "Wamekuja? Mwanya ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi, baba."

Akainua macho. "Basi umefunga haraka mno."

Watu walitoka majumbani na majani ya kupunga. Mlio ulikuja, ukapotea, ukarudi kwa upande mwingine, kwa maana mlima ule hurudisha sauti na huwezi kujua ya kweli iko wapi. Ukawa mkali. Kisha ukakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno.

Watu waliendelea kutazama juu, majani mikononi. Jogoo mmoja aliwika, na mtu akamfukuza kana kwamba amefanya utovu wa adabu.

Gigmai aliita Goroka. Goroka wakasema helikopta imeondoka na haijibu, na kwamba hawawezi kurusha nyingine kuitafuta kwenye wingu kama lile. Wanaume walikusanyika na mapanga na kamba. Mbele yao alisimama Kawagle, kaka yake Witne, mjomba wa Teine, mtu mkubwa ambaye kwa kawaida alikuwa na mzaha kwa kila jambo. Siku hiyo hakuwa nao.

"Shemeji, nieleze," alimwambia Gigmai. "Mwanya ulikuwa wazi?"

"Mpaka mizizi."

"Basi alishapita. Kaangukia upande wetu, chini ya maporomoko."

"Hata mimi naona hivyo."

Teine alisimama pale, karibu kabisa na mkono wa baba yake. Neno lilikuwa mdomoni. Alilimeza, na wanaume wakaenda kwenye maporomoko.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Teine alimenya viazi, akachota maji, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, na kila alichofanya kilikuwa na mlio ule ndani yake. Kisu kwenye kiazi, tuk. Tone kutoka kwenye nyasi za paa, tuk, tuk. Alitoka nje kutazama juu, na juu hapakuwa na kitu. Watoto wa jirani walinong'ona kwamba wenyeji wa mlima, wale wasioonekana, wameishika ndege na kuificha ndani ya mwamba. Mzee mmoja alisema si ajabu, hao hupenda sauti za watoto wachanga. Teine aliposikia hivyo alirudi kizingitini akakaa.

Kombri alikuja kukaa naye kizingitini. Alichukua kisu akamsaidia kumenya viazi.

"Mimi sijamwambia mtu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Sitasema. Lakini aliye huko si mama yangu."

Jua lilipoanza kuzama wanaume walirudi, wamelowa, mikono mitupu. Walikaa kuzunguka moto. Ndipo Bibi Mogia alipotoka ndani amebeba kibuyu kilichokatwa, na ndani yake mlikuwa na udongo mweupe uliochanganywa na maji. Kondumbe kila mtu anajua udongo ule ni wa nini. Wanawake hujipaka usoni na kifuani wanapofiwa, na ukishapakwa haufutwi mpaka matanga yaishe. Udongo ukikauka usoni, mtu amekufa. Hakuna anayemtafuta tena.

Bibi alitumbukiza vidole.

"Bibi, usijipake."

"Niache, mjukuu wangu. Mlima ule baridi. Mtoto mchanga hawezi."

Teine aliushika mkono ule mkavu wenye udongo akauzuia. Udongo ukamdondokea yeye kwenye mikono.

"Mkadi haukuonekana," alisema.

Moto ulilia. Watu wote waligeuka.

"Umesema nini?" Gigmai aliuliza.

"Haukuonekana, baba. Hata majani. Kulikuwa kweupe. Kapteni aliuliza, nikamsikia mtoto analia, nikamwambia mpaka mizizi. Na wewe nikakudanganya."

Alingoja kofi. Alitamani lije. Lakini baba yake alikuwa anatazama kitu kingine, kitu kilicho mbali, na midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayehesabu njia.

"Kama mwanya ulikuwa umefungwa," Gigmai alisema polepole, "hakupita. Amefika akakuta ukuta mweupe. Angegeukia wapi?"

"Koo," alisema Kawagle, akasimama.

Koo ni korongo jembamba upande wa mashariki, mahali mto ulipopasua mlima. Marubani hulikimbilia pale mwanya unapowafungia usoni. Ni mbali na maporomoko. Siku nzima wanaume walikuwa wameipa Koo mgongo.

"Siku nzima," mtu mmoja alinung'unika gizani. "Siku nzima tumetafuta kivuli."

Kawagle alimwinamia Teine. Sauti yake ilikuwa nzito. "Mpwa wangu, umechelewa kusema. Lakini umesema kabla bibi yako hajajipaka. Alfajiri utakwenda nasi. Dada yangu akiwa hai, atataka kusikia sauti yako."

Bibi Mogia alikimwaga kile kibuyu nje ya mlango.

Waliondoka kabla jua halijachomoza. Njia ya Koo hupanda kwenye msitu wa kuvu, ambako kila mti umevaa kuvu laini ya kijani kama sufi na ukungu hutembea kati ya miti kama watu wanaotafutana. Ruba waliwapanda miguuni. Wanaume waliita, "Witne! Witne!" na korongo likawarudishia jina hilo kwa sauti isiyo yao, hata Kawagle akasema bora wanyamaze kidogo. Njia nzima Teine alisikia mlio. Ulikuwa naye usiku kucha, ulikuwa naye sasa, tuk, tuk, nyuma ya masikio.

Halafu mlio ukabadilika. Ngo. Kimya. Ngo.

Teine alisimama. Akasikiliza. Aliogopa kusema, kwa sababu jana alisema kitu ambacho hakikuwepo, na leo huenda masikio yake yanamlipizia.

"Baba."

"Nini?"

"Nasikia kitu kama chuma. Lakini toka jana nasikia vitu, kwa hiyo sijui kama ni cha kweli. Nakuambia tu nilivyosikia."

Gigmai alimtazama usoni. Kisha akainua mkono, na wanaume wote wakasimama na kushika pumzi. Mto ulinguruma chini.

"Maji hayo," alisema mmoja.

"Ngoja," alisema Gigmai.

Ngo.

Kawagle ndiye aliyekimbia wa kwanza. Waliona kwanza vilele vya miti vilivyokatwa, vyeupe, vibichi. Wakasikia harufu ya mafuta. Kisha wakaiona helikopta yenyewe, imelala ubavu kati ya miti miwili iliyoizuia isitumbukie mtoni, mkia umevunjika, mapangaboi yamejikunja kama majani ya mgomba yaliyopigwa na mvua ya mawe. Chini ya mwamba, hatua chache kutoka kwenye harufu ile, Witne alikuwa ameketi na jiwe mkononi na kipande cha bati la helikopta mbele yake. Paji la uso lilikuwa na damu iliyokauka. Kifuani, ndani ya nguo, alikuwa amembana mtoto aliyefunikwa kwa sufi ya miti kama kifaranga. Pembeni yake Kapteni Vagi alilala chini ya rundo la majani ya ukoka wa msituni na vitambaa vya viti, mguu mmoja umefungwa kwa vijiti na mkanda wa kiti.

"Nilidhani Kondumbe mmehama," Witne alisema. Midomo ilikuwa ya bluu. "Sikuwasha moto, kwa kuogopa mafuta yaliyomwagika. Sikutembea pia. Anayetembea kwenye ukungu hupotea mara mbili. Nikasema nitagonga mpaka mkono uchoke, halafu nitabadilisha mkono."

Kawagle alimkumbatia akalia waziwazi, na hakuna aliyemcheka. Gigmai alimwondoa mtoto kifuani mwa mama akamweka kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Mtoto akalia, kile kilio chembamba cha paka.

"Teine," mama aliita, "mbona umesimama huko? Njoo umwone mdogo wako."

"Kwanza nina neno, mama. Na kwa Kapteni."

Akalisema lote, palepale, bila kulifupisha. Witne alifumba macho. Kapteni Vagi alijiinua kwa kiwiko.

"Nilifika juu nikakuta kweupe mbele," alisema. "Nikageuka. Nyuma pia kweupe. Ukiwa ndani ya wingu lililobeba mlima tumboni, hujui juu wala chini. Mwili wako wenyewe unakudanganya. Nikaikumbuka Koo. Upepo unaoshuka mlimani ulinikamata pale mlangoni ukanikandamiza chini kama mkono." Alikohoa. "Na mimi nilitaka sana kusikia kwamba mkadi unaonekana. Mtu anayetaka kufika huwa na masikio mabaya. Lakini binti, mimi nina macho mawili tu, na jana yalikuwa Goroka. Macho yangu ya upande huu yalikuwa wewe."

Teine hakulia. Alivua sweta lake akamfunika miguu.

Waliwabeba hadi Kondumbe, na wingu lilipoinuka, helikopta nyingine ilikuja kumchukua Kapteni. Desturi ya Kondumbe haina mjadala: damu ya mgeni ikimwagika kwa sababu ya mdomo wetu, sisi tunalipa. Gigmai hakumwamuru binti yake. Alimwuliza tu, "Tutatoa nini?" Teine alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na nguruwe wake, jike la kijivu alilolilea tangu likiwa la kubebwa, ambalo lilikuwa likimfuata hata shuleni. Alilifunga kamba akampa Kapteni mkononi, pale alipolala kwenye machela.

"Mimi mtu wa pwani," Kapteni alisema. "Huyu nitamweka wapi, kwenye mtumbwi?"

"Mfunge mkanda," alisema Kawagle. "Ana adabu kuliko abiria wako wengi."

Watu walicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kapteni aliipokea kamba, kwa maana alijua kukataa ni kuwaacha na deni, kisha akaomba nguruwe abaki akitunzwa Kondumbe mpaka yeye atakaporudi kwa miguu yake kumla pamoja nao.

Miezi ilipita. Mtoto alianza kukaa, akaitwa Gorai. Usiku mwingine Teine aliamka akiusikia mlio ule, akanyoosha mkono kumgusa mama yake, kisha mtoto, ndipo akalala. Baba yake hakumwondoa kwenye kazi ya mti. Wapo waliosema amwondoe. "Nikimwondoa," Gigmai aliwajibu, "atajifunza kuogopa redio. Mimi nataka ajifunze kuogopa uongo."

Siku ya Kapteni ikafika. Alikuwa anakuja kama abiria, na fimbo yake. Tangu mapambazuko kijiji kizima kilikuwa uwanjani, manyoya ya ndege vichwani, ngozi zinang'aa mafuta. Yule nguruwe wa kijivu alikuwa amekwisha kuwekwa shimoni kati ya mawe ya moto pamoja na viazi na mboga, na Teine alikuwa amemlilia faraghani na kunyamaza. Alipanda kilimani, akakaa, akatazama mpaka macho yakamtoka machozi ya baridi. Aliposhuka, watu wote walimgeukia. Redio ilikuwa imekwisha kuita.

"Kondumbe, Kondumbe." Ilikuwa sauti ya Kapteni Vagi. "Rubani mpya kaniazima redio. Mkadi vipi, bibie?"

"Umeona mizizi, sema umeona mizizi," mtu mmoja alinong'ona nyuma. "Nyama iko tayari."

Teine alibonyeza kitufe.

"Majani tu, Kapteni. Mizizi siioni."

"Majani tu?"

"Majani tu."

Redio ilikoroma kidogo. "Basi tunakuja kesho," alisema Kapteni. "Leo kuleni fungu langu."

Manung'uniko yalizunguka uwanja mzima. "Manyoya yote haya," alisema Kawagle, akivua kilemba chake cha kasuku, "na ni kwa ajili ya viazi." Bibi Mogia akamjibu kwamba viazi vinamfahamu vizuri kuliko marubani.

Gigmai alikaa kwenye kizingiti cha kibanda karibu na binti yake. Alingoja watu waende shimoni kufunua majani.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Ya kwako ilikuwa ndefu, ilipita Koo, na ilipita na watu wengine mabegani. Leo umekinyima kijiji kizima sherehe. Haidhuru. Mgeni aliye hai anaweza kuja kesho."

Teine alitazama mlimani. Wingu lilikuwa limeanza kushuka, likameza majani ya mkadi taratibu, moja baada ya jingine. Alisikiliza. Hapakuwa na mlio wowote, si angani wala nyuma ya masikio yake. Ng'ambo ya mlima helikopta ilikuwa imekaa chini, baridi, na watu wake wanakunywa chai.